Bi Tungi na chumvi ya Unguja: shajara ya mmea wa vitungi, Fuoni

Jumamosi 6 Januari 2024

Nimepewa mmea. Mwalimu mmoja wa kigeni mkataba wake umekwisha anarudi kwao, vitu vyake kavigawa, mwenzangu kazini kapata feni, mwengine kapata jiko la gesi, mie nkapata kopo la maua lililopasuka. Mama alivyouona tu akauliza "hivi vichungu vyote vya nini, vya uganga?" Nkamwambia hapana mama, huu unakula wadudu. Akanambia ndo nlivyosema.

Ni nepenthesi, aina yake ampularia. Ncha ya jani inatoa uzi, na mwisho wa uzi panavimba kitungi chenye maji ndani, mdudu akiteleza harudi juu. Ampularia vitungi vyake vifupi vya mviringo, vinajazana chini kwenye shina kama vichungu vya watoto wanaochezea kupika, na kifuniko chake chembamba kimegeukia nyuma hakifuniki kitu, kwa hiyo mvua na majani makavu yanaingia humo humo, na majani nayo anayala. Kwao ni Borneo, Sumatra, Malesia na New Guinea, misitu ya chini yenye joto na ardhi ya maji maji. Bara la Afrika hapana hata aina moja ya asili ila majirani zetu wa baharini wanazo, Madagaska ndiko wa kwanza kuandikwa, Mfaransa Flacourt alimtaja tangu 1658, na Shelisheli wana wao kwenye vilima vya Mahé.

Kwa hivyo hesabu yangu ni hii: joto tunalo, unyevu tunao, mvua tunayo, shida itoke wapi.

Hali yake leo: majani 7, vitungi 5 na viwili kati ya hivyo vishakauka. Udongo wa ndani umeoza unanuka kama maji ya chombo cha maua. Lazima ahamishwe kopo. Mama kashampa jina, Bi Tungi.

Ijumaa 12 Januari

Sikukuu, miaka 60 ya Mapinduzi, niko nyumbani, nkapata nafasi ya kumwangalia vizuri na nlichokiona sikukipenda. Kitungi kimoja chengine kimeanza rangi ya kahawia kuanzia mdomoni. Siku sita nammwagilia maji ya mfereji, na jana nkasoma kwamba mimea hii haitaki maji ya chumvi chumvi, mizizi yake imezoea ardhi masikini isiyo na kitu, ndo maana ikatafuta wadudu, ukiipa maji mazito mizizi inaungua.

Nlikuwa nshaagiza ile mita ndogo ya kupimia chumvi na madini yaliyoyeyuka kwenye maji, namba ikiwa kubwa maji ni mazito, inafanana na kalamu, shilingi 28,000, imefika juzi. Nkapima kila nlichokiona, nyumbani na kazini:

maji ya mfereji 512
maji ya chupa ya dukani 96
maji yanayodondoka kwenye eisii (kiyoyozi) ya ofisini 14

Inatakiwa chini ya 50, ikifika 100 ujue unamlazimisha. Na tusishangae hiyo 512, kisiwa hichi ni jiwe la matumbawe, maji ya visima yanapita ndani ya chokaa kabla hayajatufikia. Wewe mwenyewe angalia birika lako ndani utaona.

Kuanzia Jumatatu natembea na dumu la lita 3 kwenda kazini. Mlinzi kaniuliza mara mbili nafanyia nini maji ya eisii, mara ya pili nkamwambia dawa, akanyamaza. Tahadhari moja tu, nayakinga kwenye bomba la nje baada ya eisii kufanya kazi saa nzima hivi, mwanzo yanatoka na vumbi.

Jumamosi 27 Januari

Leo nimemhamisha. Naandika nlichofanya kama nlivyofanya kwa sababu mbele huko ntakuja kukirudia.

Vitabu vyote vinasema sfagnamu, ile majani laini iliyokaushwa inayonyonya maji kama sponji, na perlaiti, vile vijiwe vyeupe vyepesi kama bisi. Hapa mjini nimezunguka siku mbili sikupata. Nkasema basi, sisi watu wa minazi, tuna usumba, na wenzetu duniani wanatumia nyuzi za makumbi kwa mimea hii hii. Shangazi yangu yuko Jambiani na wao kule kazi ya kamba ndo kazi yao, nkampigia, kanipa kiroba kizima cha usumba mweupe laini umepigwa vizuri, bei yake dua tu. Nkauosha mabeseni matatu ya maji mpaka maji yakawa meupe kabisa.

Chini ya kopo nkaweka kokoto za matumbawe ili maji yapite. Juu usumba na vumbi la makaa kidogo. Kopo jipya la plastiki 4,000, la udongo nimeliacha kwa sababu linanyonya chumvi na kuikalia.

Mizizi nimeiosha yote ikabaki mitupu, maana ule uozo uliniudhi. Mizizi yake myeusi, myembamba kama nywele za mkia wa ng'ombe, na inakatika ukiitazama tu. Imekatika mingi. Mama alikuwa amekaa barazani anasema "tia samadi kidogo mwanangu apate nguvu", hilo angalau nimelikataa.

Jumatatu 12 Februari

Hali mbaya. Jani la chini limekuwa manjano, la pili ncha zake zimeungua kama zimepitishiwa kiberiti, na lile jani jipya lililokuwa linafunguka uzi wake umekauka kabla kitungi hakijavimba. Vitungi vimebaki viwili. Na kaskazi nayo inavuma, mchana jua kali la kutoa macho, nkawa nadhani ni jua, nkamsogeza nyuma kwenye kivuli cha mwembe, wapi.

Jioni nimekaa naye, nkakumbuka kitu cha kijinga kabisa. Mita ninayo, mbona napima maji yanayoingia na sijapima yanayotoka? Nkamwagia maji ya eisii ya 14, nkakinga yaliyotoka chini ya kopo kwenye sahani, nkatia mita.

1,340.

Nkaifuta mita nkapima tena. 1,338.

Ndo ikanijia. Wanawake wa Jambiani wanafanyaje makumbi? Wanayafukia pwani! Kwenye mchanga wa maji kupwa na kujaa, yanakaa miezi humo bahari inayapanda na kuyashuka mpaka yalainike ndo wanayafukua na kuyapiga. Mie nimechukua kitu kilichoiva ndani ya maji ya bahari nkampandia mmea usiotaka hata maji ya mfereji. Na nliona nimeosha mpaka maji yamekuwa meupe, lakini weupe si utamu, chumvi haina rangi jamani, ningelitia kidole mdomoni ningelijua.

Usiku huo huo nkazitilia shaka na zile kokoto. Nkachukua moja nkaikamulia ndimu. Ikatoa povu. Ikichemka hivyo ujue ni chokaa, kila ukimwagilia inayeyuka kidogo kidogo na kuuondolea udongo uchachu wake, na hawa wanapenda uchachu. Jaribio hilo la ndimu ni la bure na linachukua dakika moja, nimelifanya wiki mbili baada ya kuhitajika.

Jumapili 18 Februari

Kuhamisha kopo mara ya pili ndani ya mwezi mmoja kila mtu anakataza, mie mwenyewe ningekukataza. Lakini kumwacha kwenye chumvi ni kumzika taratibu. Wiki nzima nimemsafisha kwa maji ya eisii, lita 3 kila siku zinapita tu, mita ikashuka 1,340 mpaka 610 ikagoma hapo.

Mzigo umekuja na boti kutoka Dar, nimempata muuza maua mmoja anayefuga okidi: sfagnamu gramu 150 kwa 35,000, perlaiti lita 5 kwa 15,000, kuleta 5,000. Nikiona hiyo hesabu moyo unaniuma, mmea wa bure huu.

Mchanganyiko wa leo: sfagnamu nusu, perlaiti robo, robo iliyobaki nusu yake vipande vya makaa ukubwa wa njugu mawe na nusu makumbi, ndiyo, makumbi tena, ila haya ni ya nazi zetu za uani, makavu, hayakuona bahari, nimeyakata kwa panga vipande vidogo nkayaroweka maji ya eisii siku tano nabadilisha kila siku. Hata hayo siku ya kwanza yalitoa 420 pamoja na rangi ya chai ya rangi, ya tano yakatoa 38. Kwa hiyo mnazi wenyewe pia una chumvi yake ndani, usimwamini. Na makaa yawe ya kuni kweli, usichukue yaliyokaa chini ya gunia na mchanga, yaoshe.

Namna nlivyomtoa safari hii, na hapa nakuomba usiwe na haraka: kopo zima nimelitumbukiza kwenye beseni la maji ya eisii nusu saa, halafu nkalikata kopo kwa mkasi badala ya kumvuta mmea. Usumba uliojishika na mizizi NIMEUACHA. Uliokuwa unaachia wenyewe nimeutoa kwa kijiti cha mshikaki, uliogoma umebaki. Mzizi mzima wenye uchafu ni bora kuliko mzizi safi uliokatika. Mizizi iliyooza unaijua, ukiibana kwa vidole ganda linavuka kama soksi, hiyo nimekata kwa wembe niliouchoma moto. Imebaki kama theluthi moja ya ile ya mwanzo.

Kwa kuwa mizizi kidogo nkapunguza na majani, lile la manjano na lile lililoungua sana, yamebaki 4. Nkamkalisha, nkamzungushia mchanganyiko bila kushindilia, sfagnamu ukiishindilia inakuwa kama kitambaa cha deki, haipumui. Kopo la inchi 6, lina matundu, kokoto hakuna.

Hema sasa. Mmea usio na mizizi hauwezi kunyonya, kwa hiyo hewa inayomzunguka iwe na maji. Wenzetu wanavalisha mfuko wa plastiki, kwetu mifuko imepigwa marufuku, nkachukua lile chupa kubwa la maji la lita 18 lililopasuka, nkakata kitako, nkamfunika. Pazuri kweli, unamwona ndani kama samaki. Yuko chumbani kwangu karibu na dirisha la kaskazini, jua haligusi.

Jumapili 17 Machi

Ramadhani. Nimechoka sana kuandika, kwa ufupi: tarehe 2 nlikuta kuvu mweupe kama pamba juu ya sfagnamu na jani moja limeanza kulainika shinani. Kosa langu nimefunga chupa na kizibo chake wiki mbili, ndani hewa haitembei na chumba kina joto. Nkatoa kizibo, kuvu nkautoa na kijiko, jani nkalikata (yamebaki 3), na kila baada ya siku tatu nakinyanyua chupa kidogo zaidi, mwanzo nimeweka kibiriti chini ya ukingo, halafu viwili, halafu kopo la maziwa. Leo nimeliondoa kabisa usiku, mchana narudisha.

Hajafa. Hajafanya kitu chengine chochote pia. Mama kila akipita anasema "inna lillahi", namwambia mama bado.

Maji yanayotoka chini: 61.

Jumapili 5 Mei

Masika. Nimeacha kubeba dumu, mlinzi kanishukuru.

Maji ya mvua lakini nayo yana mambo yake na hapa nimepoteza wiki tatu. Jirani yetu ana tangi la saruji linalojaa kutoka juu ya bati, kaniambia chukua utakavyo. Nkachukua, kwa bahati nkapima: 143. Mvua! Kumbe saruji yenyewe ina chokaa, maji yakikaa humo yanailamba. Nkatoa beseni nkaliweka wazi uani mbali na paa, mvua ya kwanza nkaimwaga kwa sababu inaosha vumbi na mavi ya ndege, ya pili nkapima: 9. Sasa nina pipa la plastiki la lita 100, kuukuu, 30,000, kinywani nimefunga kanga ya zamani mbu wasiingie.

Jana kimbunga Hidaya. Kilikuwa kinaelekea Mafia lakini upepo na mvua hapa pia tulivionja, nlikuwa nimeshamtoa nje chini ya mwembe tangu baada ya Idi, nkamrudisha ndani mbio, mlangoni nkamgonga, jani likavunjika katikati. Kwa hiyo kimbunga hakikumfanya kitu, nimemfanya mie.

Lakini katikati pale pana jani jipya. Dogo, kama ukucha, kijani cha kung'aa. Nimemwonesha mama na tochi. Akasema "mh".

Jumapili 9 Juni

Majani mapya mawili, na la pili mwisho wa uzi wake pana kitu kama punje ya mchele kinachovimba. Kitungi! Tangu Januari sijaona kipya.

Huku nyuma watu wa afya wa shehia wamepita kukagua maji yaliyotuama, na wana haki, mie nlikuwa nimemweka Bi Tungi kwenye sahani yenye maji muda wote nikidhani kwao ni maji maji kwa hiyo atapenda. Wakamulika tochi, viluwiluwi vya mbu tele. Aibu nliyoipata. Na dengi haihitaji ziwa, kisahani kinatosha. Isitoshe kumkalisha ndani ya maji si kumsaidia, mizizi hii inataka unyevu na hewa kwa pamoja, si kuzama. Nimeondoa sahani, nammwagilia juu kila asubuhi, yapite yaende zake. Vitungi pia navimulika kila Ijumaa, nikiona kiluwiluwi namtoa kwa bomba la sindano lisilo na sindano.

Pale chini ya mwembe nimemfungia neti ya kivuli, jua la asubuhi mpaka saa tatu analipata limechujwa, baada ya hapo kivuli. Majani yakiwa ya kijani kibichi sana na marefu ujue anataka mwanga zaidi, yakigeuka mekundu na kufupika umezidisha.

Jumapili 28 Julai

Kipupwe, usiku baridi kwa hesabu ya kwetu, yeye hajali. Vitungi vitatu vimefunguka, vya kijani vyenye madoa mekundu, kila kimoja kama yai la kware. Watoto wa mtaa wanakuja kutazama, wananiuliza anakula na paka?

Halafu mtoto wa dada, ana miaka sita, kamwonea huruma kwamba hana mdomo mkubwa, kampa kachori. Nusu kachori, ndani ya kitungi cha kwanza nilichokisubiri miezi sita. Nimekuja kugundua siku ya tatu kwa harufu. Mafuta na viazi havimeng'enywi humo, vinaoza, na uozo unapanda. Nimekisuuza mara nne kwa maji ya mvua na bomba la sindano, nkajaza theluthi ya maji safi, lakini nusu ya juu imeshakuwa nyeusi. Jani lake bado kijani kwa hiyo silikati, kitungi kikifa jani linaendelea kufanya kazi.

Tumekubaliana na mtoto: yeye ndo mlishaji rasmi. Wiki tatu mara moja, kitungi kimoja kimoja, sisimizi wawili au kumbikumbi mmoja mkavu, nlikausha wachache wakati wa masika. Na jani kavu la mwembe kipande kidogo, hilo analipenda na halinuki. Mbolea ya udongoni hakuna kabisa.

Jumapili 22 Septemba

Majani 9. Vitungi 6 vizima, cha kachori kimekufa. Na shinani, ubavuni, pametoka chipukizi jipya lenye vitungi vidogo vyake bila jani kubwa, ampularia ndo tabia yake hiyo, anatandaza vitungi chini kama zulia. Maji yanayotoka chini ya kopo: 34.

Gharama mpaka leo: mita 28,000, makopo mawili 8,000, sfagnamu na perlaiti na boti 55,000, pipa 30,000, neti 6,000. Jumla 127,000, na kama ningepima usumba siku ile ningeokoa kopo moja na miezi minne. Sfagnamu imebaki nusu.

Chipukizi sitalitenganisha sasa, nangoja vuli, liwe na mizizi yake mwenyewe kwanza, na mchanganyiko nshauandaa upo ndooni unaroweka. Jirani wa tangi la saruji kashaliwekea nafasi, nimemwambia maji yake asitumie, kanuna kidogo.

Shangazi kapiga simu jana kutoka Jambiani, anauliza usumba wake ulifaa? Nkamwambia umefaa sana shangazi, na si uongo, nimeusokota kamba, ndo inayoshikilia neti hapo mwembeni.